Betri Iko Sawa

Mtu akikwambia betri yake inasoma volti kumi na mbili nukta saba, usimpongeze haraka. Mwulize kwanza aliipima ikiwa imelala au ikiwa kazini. Betri iliyolala ni kama mtu anayejisifia nguvu akiwa kitandani, ngoja abebe gunia ndipo umsifu. Mshonaji alilijua hilo vizuri, maana mumewe alikuwa amemfundisha mambo ya redio kwa miaka tisa. Lakini asubuhi ile alizigusisha nyaya za kipimo kwenye vichwa vya betri iliyolala, akasoma kumi na mbili nukta saba, akajilazimisha kuamini.

"Inatosha?" aliuliza ofisa wa uokoaji, aliyesimama nyuma yake uani.

Ofisa huyo alikuwa amekuja kwa miguu. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi mapajani, kwa sababu mafuriko yalikuwa yamezamisha magari ya mtaa mzima. Umeme haukuwepo, mnara wa simu ulikuwa umeanguka juzi, na redio za waokoaji zilinyamaza pamoja nao. Alikuwa amebeba maneno machache tu ya kupeleka mlimani, na hakuna aliyekuwa na njia ya kuyapeleka isipokuwa mwanamke huyu wa cherehani.

Kule mlimani, kwenye kituo cha hali ya hewa, alikuwepo mumewe, ambaye watu walimwita Bwana Mawingu, pamoja na wenzake watatu. Mmoja wao, binti wa kusoma vipimo, alikuwa ameangukiwa na jiwe, mguu umevunjika na homa imepanda. Jana jioni satelaiti ilipopita, Bwana Mawingu alieleza mpango wao: kesho tukishasikilizana asubuhi, tunamweka binti kwenye machela, tunashuka uwanja wa chini, helikopta itukute pale. Ulikuwa mpango mzuri. Ila kabla ya giza rubani alipita juu ya uwanja huo akauona mlima umepasuka, ufa mrefu unatiririsha tope. Wakishuka, mlima ungewafunika wote wanne. Walitakiwa wapande badala ya kushuka, wakae penye tangi la maji, helikopta iwafuate huko saa nne.

"Wakishaanza kutembea na machela hakuna atakayeshika redio," ofisa alisema. "Tukiwakosa sasa, basi tena."

Satelaiti ingechomoza saa mbili na dakika kumi na nne, ikae angani dakika kumi na moja, kisha izame. Usidhani ni lile dude la kurusha mpira kwenye televisheni. Hiki kilikuwa kisanduku kidogo cha wapenda redio, kinachopokea sauti ya mtu na kuirudisha chini, asikie kila aliye upande huo wa dunia, nchi kadhaa kwa mpigo. Lakini mlango wake ni mmoja. Akisema mmoja, wengine wananyamaza, na wenye adabu hawaingilii mazungumzo ya watu.

"Inatosha," Mshonaji alimjibu ofisa.

Haya, sasa niseme mimi lile ambalo yeye hakulisema. Mwezi wa pili shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni kinyozi, alikuja na tabasamu lake lile la kukopea. "Shemeji, niazime betri siku moja tu. Umeme umekatika na vichwa vinanisubiri." Siku moja ikazaa wiki tatu. Mashine za kunyolea, taa, muziki wa kuwaburudisha wateja, vyote vikainyonya mpaka ikakauka, kisha akaisukumia chini ya benchi ikae tupu. Na betri ya asidi ukiiacha tupu inakufa ndani kwa ndani, haina msamaha. Ilirudi ina unga mweupe vichwani na maji yameshuka chini ya sahani zake. Mshonaji aliisugua kwa maji moto na magadi, akaijaza maji ya betri, akaiacha kwenye sola siku nne. Ikasoma vizuri kabisa. Alipoiunganisha na taa ya gari ili aione ikifanya kazi, ikaporomoka hadi kumi kabla hajahesabu ishirini.

Ukutani, juu ya redio, mumewe alikuwa amebandika karatasi kwa mwandiko wake mkubwa: Usiiache tupu. Usitie maji ya bomba. Usimwazime mtu, hata ndugu. Mshonaji alitaka kumwambia ukweli Jumapili iliyofuata, siku yao ya kuzungumza redioni. Mama mkwe, aliyekaa nao nyumba moja, ndiye aliyemshika mkono. "Mwanangu, hawa wawili walishanuniana mwaka mzima kwa ajili ya baiskeli. Usiniwashie moto. Nyamaza, tutatafuta betri nyingine." Mkwe kakuomba, utafanyaje? Akanyamaza. Ikawa kila Jumapili mumewe akiuliza kutoka mlimani, "Betri iko vipi?" yeye anajibu, "Iko sawa," anasema maneno mawili matatu kwa nguvu ndogo, betri inamsitiri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya leo ilikuwa na urefu wa dakika kumi na moja.

Saa mbili na dakika kumi na nne alisimama uani, antena mkono wa kushoto, kipaza sauti mkono wa kulia. Redio ilikuwa juu ya kigoda, na kipimo kando yake. Alikuwa ameshusha nguvu ya kurushia mpaka mwisho. Mama mkwe alikaa kizingitini, shuka begani. Yule aliyekuwa mlimani alikuwa mume wa mmoja na mwana wa mwingine, na kila mmoja aliogopa kumtazama mwenzake.

Mvumo wa redio ukapasuka, sauti zikamiminika. Mzee mmoja wa mbali alikuwa anasalimia watu. Kisha ikaingia sauti ya Bwana Mawingu, haraka haraka, kama mtu aliyekwisha funga kamba za viatu.

"Mama watoto, ni mimi. Binti kazidiwa usiku, hatuwezi kungoja, tunaondoka sasa hivi. Betri iko vipi?"

Mshonaji akabonyeza. Aliyaona macho ya mama mkwe yakimwangalia kutoka kizingitini, na ulimi ukakimbilia palepale ulipozoea kwenda.

"Iko sawa."

Akaachia ili avute pumzi, na mzee wa mbali akadakia. "Samahanini. Nilitaka kuwauliza kama mnahitaji msaada, lakini naona mko vizuri. Jamani wote mlio hewani, hawa wana mgonjwa. Tuwaachie njia, tusiwaingilie." Na kweli, satelaiti nzima ikawa kimya kwa heshima yao.

"Sikiliza, mume wangu," Mshonaji alibonyeza tena. "Msi..."

Taa ya redio ikafifia, redio ikazimika pale juu ya kigoda.

"Nini hicho?" ofisa aliuliza.

Aliachia, akaiwasha upya. Kusikiliza hakuli umeme mwingi, kwa hiyo sauti ya mumewe ilirudi safi kabisa. "Sijakupata, umekatika. Rudia." Akabonyeza, ikazimika. Akaiwasha, akabonyeza, ikazimika. Kipimo kilisoma tisa na ushei. Dakika ya tano ilikuwa inaisha.

"Hewa mbaya leo," Bwana Mawingu alisema. "Haidhuru, tutasikizana jioni. Sisi tunashuka."

Mama mkwe alitoa mguno mdogo, akajifunika mdomo kwa shuka. Ofisa alinyoosha mkono kutaka kipaza sauti. "Bonyeza, dada. Unangoja nini?"

"Naipumzisha. Betri iliyochoka ukiiacha kidogo inajikusanya. Usiniguse."

Alihesabu kimoyomoyo, akifuatisha satelaiti kwa antena. Hesabu ya thelathini ni ndefu sana kwa mtu anayehesabu wakati mumewe anaelekea kwenye kaburi lake. Alijua atapata pumzi moja, sekunde sita, pengine nane. Akimwita mumewe, huenda ameshashika machela, na pumzi hiyo moja ikampita asiisikie. Lakini chini ya satelaiti ileile walikuwepo watu chungu nzima wenye betri nzima na midomo mizima, na wote walikuwa wamenyamaza kwa sababu yake, kwa sababu ya yale maneno mawili. Hawangefungua midomo mpaka yeye mwenyewe ayafute.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nisamehe."

"Sema," mama mkwe alisema. "Sema yote."

Akabonyeza. "Nimedanganya. Betri yangu imekufa. Kila anayenisikia, awaambie wa mlimani wasishuke, mlima unapas..."

Ikazimika. Akaiwasha, na kwa sekunde tatu hakikusikika kitu isipokuwa mvumo. Aliona aibu na woga vikimpanda pamoja, asijue kipi kimetangulia. Kisha mzee wa mbali akalipuka hewani, na adabu yote ameiweka kando.

"Kituo cha mlimani, kituo cha mlimani, msishuke! Narudia, msishuke, mlima unapasuka!"

Mwanamke mwingine akadakia maneno yaleyale, na wa tatu akaingia juu yake, mpaka sauti zikagongana zikawa mluzi mtupu. Mzee akawafokea wote wanyamaze. Hapo ikasikika sauti ya Bwana Mawingu, inahema, kwa mbali.

"Nimewasikia, redio ilikuwa bado inasema mgongoni. Tumesimama. Sasa twende wapi? Hapa tulipo mgonjwa hawezi kukaa."

"Dada," mzee alisema, "wanauliza waende wapi. Sisi hatujui. Wewe ndiye unayejua."

Zilibaki dakika mbili. Satelaiti ilikuwa inaelekea mapaa ya nyumba za jirani, na kila sekunde iliyopita sauti zilizidi kukwaruza. Mshonaji alikitazama kipimo. Kumi na nukta tano. Kumi na moja. Akibonyeza mapema atapata neno moja, akichelewa hatapata lolote. Mzee alirudia swali. Kumi na moja na nukta mbili. Ofisa alikuwa ameuma ngumi yake. Kumi na moja na nukta nne, ikagoma hapo, haipandi tena.

"Tangi la maji," Mshonaji alisema akiwa amefumba macho. "Pandeni tangini. Saa nne."

Redio ikazimika. Safari hii aliiwasha mara saba na haikuamka hata kwa kusikiliza. Aliiweka chini antena taratibu. Angani, kisanduku kile kilizama nyuma ya mapaa na chochote walichoambizana huko.

"Wamesikia?" mama mkwe aliuliza.

"Sijui."

Ofisa aliondoka akikanyaga maji, kwa sababu helikopta ilipaswa kwenda tangini kwa vyovyote vile, wawepo wasiwepo. Wanawake wawili wakabaki. Mshonaji alijaribu kushona pindo la sketi ya mteja, akalishona juu chini, akalifumua. Saa tatu na dakika arubaini ulisikika mngurumo mrefu kutoka upande wa milima, na vyombo vikagongana kabatini. Hapakuwa na mawingu ya radi. Mama mkwe aliinuka, akaenda ukutani, akasimama ameupa chumba mgongo. Hakuna aliyelia, kwani kulia kungekuwa kukubali.

Saa tisa mlango ulisukumwa. Bwana Mawingu aliingia na tope hadi kifuani, koti limechanika bega. Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua bidhaa sokoni, ndipo akaweza kukaa. Binti yuko hospitali, alisema, mguu utapona. Walikuwa tangini, wamekaa, wakauona uwanja wa chini ukiondoka mbele ya macho yao na miti yake. Yule mzee wa mbali ndiye aliyewafikishia neno la tangi, mara nne, mpaka satelaiti ilipozama.

Kisha akaiangalia betri. "Nilijua," akasema kwa upole. "Tangu mwezi wa tatu. Ukibonyeza tu, sauti yako inazama. Nikajua imeharibika, nikajua na aliyeiharibu ni nani."

Mshonaji alimtazama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kila Jumapili ukaniuliza iko vipi."

"Nilitaka uniambie mwenyewe. Sikutaka kukuumbua hewani, watu wote wanasikia." Aliinamisha kichwa. "Na hata leo niliposema hewa mbaya, nilijua si hewa."

Mshonaji alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga kwa sketi ya mteja. Siku nzima alikuwa amebeba kosa hilo peke yake mgongoni.

"Kwa hiyo ungekufa," alisema. "Ungekufa na yule binti wa watu, huku unaningoja niseme."

Bwana Mawingu alikaa chini sakafuni na tope lake, karibu na miguu ya mkewe, na mama yake akageuza uso wake dirishani, maana na yeye maneno yale yalikuwa yamemfikia.