Ujumbe wa Baba kwa Baharia

Kitinda mimba aliondoka nyumbani kwa hasira, akaajiriwa melini, na tangu hapo yeye na baba yake hawakusemeshana. Baba alikuwa seremala. Alitaka mwana arithi randa na msumeno. Mwana akataka bahari. Wote wawili wabishi, na mtoto wa nyoka ni nyoka.

Dada mtu alikuwa fundi wa tovuti katika kampuni iyo hiyo ya meli. Kazini walimwita Bi Seva, kwa jinsi alivyoigombeza seva, mashine inayoendesha tovuti, kama mtoto mtukutu. Kwenye tovuti hiyo jamaa za mabaharia waliingia kwa nywila, wakaandika ujumbe, nao ukapelekwa melini.

Siku moja baba, ambaye moyo ulishaanza kumsumbua, aliomba afunguliwe tovuti.

"Nikuandikie, Baba? Wewe sema tu."

"Nenda kazini wewe. Haya ni ya baba na mwana."

Akamwacha mezani, miwani puani, akidonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku aliyeshiba.

Kazini tovuti ilikuwa inajikokota. Kila aliyeingia, seva ilimweka kichwani mwake: ni nani, amefika wapi, ameandika nini. Ukiizima, inasahau wote. Bi Seva alishaomba kumbukumbu hizo zihamishiwe kwenye majedwali ya hifadhidata, mahali ambapo hazifutiki hata seva ikizimwa. Mkuu wake alimjibu kila mara, "Haraka haraka haina baraka." Mchana ule simu za malalamiko zilizidi, akaizima na kuiwasha. Ikapona. Akaenda kunywa chai, roho kwatu.

Aliporudi nyumbani alimkuta baba palepale, kioo cha kompyuta kikimdai nywila upya.

"Imenitoa nje," alisema. "Nilikuwa nimebakiza kuaga tu."

Bi Seva alichutama kando ya kiti chake. "Baba, ni mimi. Mimi ndiye niliyeizima."

"Basi, mama. Hukujua." Akavua miwani. "Nitaandika tena nikipata nguvu. Maneno yale yamenitoa jasho."

Bi Seva hakungoja ruhusa tena. Aliunda jedwali, kila mgeni na mstari wake, na kila alichoandika kikawekwa humo kabla hajakituma. Akazima, akawasha; kila mtu akabaki alipokuwa. Mkuu alimsifu mbele ya wenzake. Lakini baba hakuketi tena mbele ya kioo kile. Moyo ulimshinda wiki hiyohiyo.

Meli ilikuwa mbali. Mwana alifika udongo wa kaburi umeshakauka. Dada yake alimkuta karakanani, ameketi kwenye benchi ya baba, begi bado begani.

"Dada, aliniachia neno gani?"

Uongo mtamu ulimjia mdomoni, akaumeza.

"Alikuandikia mchana kutwa. Nikazima mashine, yakapotea yote. Nimetafuta kila pembe, mdogo wangu. Hamna."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alingoja matusi. Kijana akainamisha kichwa.

"Alianza kwa jina langu, au aliniita mwanangu?"

"Sijui. Hakutaka nione."

Hapo ndipo alipoangua kilio, mwanamume mzima, hadi majirani wakatoka nje. Dada alimvua begi, akaketi kando yake, akamshika mkono.