Mizizi Tuliyoiosha

Dada yangu Naani alikuwa na vikuku viwili vya fedha vyenye njuga. Kimoja kilikuwa na njuga thelathini na mbili, kingine thelathini na moja, maana moja ilidondoka bwawani siku alipokuwa akiosha sufuria za harusi ya binamu yetu. Alipofika miaka ishirini na mitatu mguu wake wa kushoto ukaanza kuvimba, na kikuku kikawa hakitoki tena. Sonara alikuja na koleo akakikata. Naani hakuolewa. Alisokota kamba za makumbi akiwa ameunyoosha ule mguu juu ya gunia mpaka alipokufa, na watu wakasema ni matende tu, kama wanavyosema ni mvua ya Juni tu. Vikuku nikavitia kwenye kopo la biskuti, kile kilichokatwa nikakizungushia uzi mwekundu.

Kwa hiyo siku mjukuu wangu Sheeja, wakati huo wa miaka kumi na minne, alipoamka anatetemeka kwa homa akaniambia, "Bibi, hapa kwenye kinena pana tezi linauma," niliketi kizingitini nikaitazama miguu yake. Ilikuwa myembamba, ina udongo mkavu katikati ya vidole.

Nikampeleka kwa Thankamani.

Thankamani alikuwa mwezi wa pili hapo kwetu, amepewa baraza la shule awe anafanyia kazi yake. Mwanamke mfupi, sari nyeupe ya pamba, kioo cha kukuzia kinaning'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Tulimwita Daktari, ingawa mwenyewe alituambia yeye si daktari wa watu, ni daktari wa mbu. Jirani yangu Bhargavi alimwuliza kama mbu hao huwa wanakuja wenyewe au huletwa na wazazi.

Daktari akamtazama Sheeja, akamwita mwenziwe wa hospitali, damu ikapimwa, vidonge vikaja. Kisha akanikalisha.

"Bibi, vidonge vitawaua minyoo walio mwilini mwake. Lakini mbu akimwuma kesho na kesho kutwa, atamtia wengine. Homa zikimrudia rudia, ndipo mguu unapoharibika. Inabidi nijue mbu hawa wanazaliwa bwawa gani."

Nilijua bwawa gani, au nilidhani najua. Nyuma ya ua wangu, hatua kama mia, lipo bwawa la Bhargavi, lote limefunikwa na payal. Payal ni gugu linaloelea, majani yake yamekaa mviringo kama kabichi changa, na chini lina mizizi mingi kama ndevu. Bhargavi alikuwa akiivuna na kuirundika kwenye mashina ya minazi yake, na nazi zake zilikuwa kubwa kuliko za mtu yeyote kijijini. Daktari alipomwomba aing'oe yote, alijibu bila kusimamisha gurudumu lake la kusokotea kamba.

"Mwanangu, hii payal ndiyo mama wa nazi zangu. Nionyeshe huyo mtoto wa mbu kwa macho yangu haya, nitaing'oa kwa mikono yangu hii. Usiponionyesha, usiniletee karatasi."

Daktari hakukasirika. Alisema, "Ni haki yako, dada." Nilimpenda kuanzia siku ile.

Sasa shida ni hii. Watoto wa mbu wengine hupanda juu ya maji kuvuta pumzi, ukipitisha upawa unawapata. Huyu wa kwetu hapandi. Ana kijibomba mkiani, kikali kama sindano, anakichoma kwenye mzizi wa payal na kuvuta hewa iliyomo ndani ya gugu, anakaa huko chini amenata. Kwa hiyo Daktari alitaka payal yenyewe. Kila Jumanne sisi wanawake sita wa kichochoro chetu tulimpelekea mashina kumi kumi kutoka kila bwawa, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ya bwawa la Bhargavi niliibeba mimi, maana yeye alisema hailowanishi miguu yake kwa ajili ya serikali.

Jumanne ya kwanza hakupata hata mmoja. Ya pili vilevile. Alikuwa akizichambua zile ndevu unywele kwa unywele, jicho limeganda kwenye kioo, uji wake wa mchele umepoa pembeni umefanya ngozi. Akimaliza shina la sitini anaandika sifuri, na anaiandika vizuri, ya duara, kama vile ni namba ya maana. Jumanne nane, sifuri. Na huku jioni mitego yake inajaa mbu wakubwa wenye miguu ya madoadoa, wale wale wanaoleta matende.

Ndipo mkubwa wake akaja kutoka mjini, akapekua daftari amesimama. Akasema mabwawa ya hapa ni safi, mbu wanatoka kwingine, mwisho wa mwezi afungashe ahamie kijiji kingine. Zilibaki siku kumi na mbili. Nilihesabu hatua mia za kwenda bwawani kwa Bhargavi, na Sheeja amelala mlangoni na homa ya pili.

Kesho yake, Jumanne ya tisa, Daktari alikuja kwangu mapema, kwa baiskeli, kumjulia hali mtoto. Akanikuta nimechutama kwenye ngazi za mawe za bwawa la Bhargavi, nimeshika payal.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakuoshea payal yako. Hii ya nne."

"Unaiosha?"

"Maji matatu. Ina matope, ina konokono, ina kinyesi cha bata. Nitampelekea mgeni kitu cha hivyo?"

Nilikuwa nikiikamua mizizi kwa vidole kama mtu anavyoosha nywele za mtoto.

"Na wenzako je?"

"Wote tunaosha. Kousalya yeye anaipangusa na kitambaa."

Akateremka akaketi kwenye jiwe lililolowa, na sari yake nyeupe vile vile, akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikujua kinachochekesha.

"Bibi yangu, hao watoto ukiwatikisa wanaachia. Kila Jumanne umekuwa ukiwavua nguo, ukiwaogesha, na kuwarudisha kwao."

Payal ikaniponyoka ikaelea. "Kumbe ni mimi," nikasema. "Mtoto anaumwa ndani, na mimi huku nje ndiye ninayewaficha."

"Si wewe. Nilisema leteni payal, sikusema leteni kama ilivyo. Kosa ni la aliyeuliza."

Akatoa daftari pale pale gotini akaandika, kisha akanipa nisome. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikajikongoja. Iliandikwa: Hesabu za Jumanne nane hazifai. Sikuwaeleza waokotaji wasioshe. Chini akatia jina lake zima. Nimeishi na wanaume ambao hawakuweza kukiri kwamba wametia chumvi mara mbili kwenye mchuzi.

Tukaenda kumwita Bhargavi. Daktari aliingia majini mpaka kiunoni, akapitisha beseni jeupe chini ya payal ikiwa bado ndani ya maji, akaliinua lote pamoja polepole, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Juu ya ngazi akaitikisa kwa nguvu humo humo besenini, akaitoa. Tukainama watatu, vichwa vimegusana. Maji meusi.

"Namwona konokono," Bhargavi akasema. "Huyo naye anauma?"

"Subiri, dada. Tope litulie."

Tukasubiri. Bata walipita wakarudi. Tope lilipotuama, Bhargavi alikuwa wa kwanza kuona: kijiuzi cheupe kinajinyonganyonga chini ya beseni. Halafu kingine. Daktari akakata kipande cha mzizi akakitumbukiza, nao wakakisogelea mmoja mmoja, wakageuza mkia, wakachoma, wakatulia. Kumi na tisa, kwenye shina moja.

Bhargavi akawahesabu upya kwa kidole.

"Kaarthi," akaniita mwishowe, "kumbe miaka yote nimekuwa nikinyonyesha nazi na mbu kwa ziwa moja." Akamgeukia Daktari. "Na minazi yangu itakula nini?"

"Itakula hii hii. Ing'oe yote, ianike ikauke, kisha uifukie shinani. Mbu hazaliwi mahali pakavu. Na bwawani nitakutafutia samaki wanaokula majani, chipukizi lisipate kurudi."

"Samaki wa kulika?"

"Wa kulika."

"Hapo sasa tunazungumza."

Siku ile ile alikunja sari akaingia. Tuling'oa siku kumi na moja, kichochoro kizima, na yule mkubwa alipokuja kufunga kazi alikuta marundo ya payal yakinuka juani na beseni limewekwa mbele yake. Alisoma lile daftari, akaguna, akamwongezea Daktari muda. Payal ni mkaidi, jani moja likibaki linazaa bwawa. Bhargavi aliyekuwa hailowanishi miguu ndiye sasa aliyepita mabwawa ya watu, akisimama mkono kiunoni: "Mama fulani, maji yako yameota ndevu, huna wembe?"

Homa ya Sheeja ilirudi mara moja tena, ndogo, kisha haikurudi. Kila mwezi Daktari alimpima miguu kwa utepe wa fundi cherehani na kuandika. Mwaka wa tatu akahamishwa. Jumanne yake ya mwisho nilimpelekea ndoo yenye mfuniko. Alifunua akakuta payal moja, na matope yake, na konokono wake. Aliitikisa besenini kama kawaida, akangoja tope litulie, akaangalia kwa kioo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaandika sifuri.

Sheeja ana miaka kumi na tisa. Mwezi uliopita nilimpelekea sonara lile kopo la biskuti. Alikiunga kikuku, pale palipokatwa panaonekana kama kovu. Sasa asubuhi, nikiwa na makumbi yangu mapajani, namsikia Sheeja akiteremka zile ngazi kuchota maji, vikuku viwili miguuni. Nimejaribu kusikiliza ni mguu upi wenye njuga thelathini na moja. Anatembea haraka mno, sijaweza.