Makamu wa Arlette

Verna Stuckey alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, na sehemu kubwa ya umri huo aliitumia akiwa makamu wa dada yake. Arlette alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maktaba ya mji wa Tolliver, Verna makamu. Arlette aliongoza kwaya ya kanisa, Verna makamu. Huenda ndiyo maana aliwapenda makamu wa rais wa Marekani kuliko marais wenyewe. Aliwajua wote kwa mpangilio, na vifo vyao, na vituko vyao.

"Nitajie hata mmoja aliyefanya jambo la maana," Arlette alimchokoza siku moja wakiosha vyombo.

"Hamlin, makamu wa Lincoln. Wakati wa vita alikwenda kambini kule jimboni Maine kama askari wa kawaida. Wakamweka jikoni."

"Apike?"

"Apike, dada."

"Basi kwa huyo angalau kuna watu walioshiba," Arlette akasema, akaendelea kuimba kwa sauti ya chini kama alivyozoea Verna anapoanza mambo yake.

Jumamosi moja ya Machi, mchana, watu wa Tolliver walijazana kwenye ukumbi wa zimamoto kwa mashindano ya maswali ya kila mwaka. Meza ya maktaba, nahodha wake Arlette na makamu wake Verna kama kawaida, ilifungana kwa pointi na meza ya wakulima, nahodha wake Bwana Kriebel, muuza vifaa vya shamba. Likabaki swali moja kwa kila nahodha, asimame mbele peke yake, na kunong'onezana marufuku. Kriebel aliulizwa lake akakosa. Ikawa zamu ya Arlette.

Mchungaji Hostetler akasoma kadi: "Ni makamu gani wa rais aliyeapishwa akiwa katika nchi ya kigeni?"

Arlette akafungua mdomo, akaufunga. Kule mezani Verna alikuwa ameng'ata leso. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa linamwasha ulimi, na dada yake alikuwa ameshaambiwa habari hiyo si chini ya mara sita.

"Mchungaji," Arlette akasema, ameinua kidevu, "najiuzulu unahodha."

Ukumbi ukavuma. Mchungaji akavaa miwani, akapekua kanuni. "Nahodha akishindwa kuendelea, makamu wake atashika nafasi."

"Akishindwa kwa ugonjwa!" Kriebel akaruka. "Mama huyu ni mzima kama trekta jipya!"

"Nina homa," Arlette akasema. "Imenianza sasa hivi."

Watu wakaangua kicheko. Kriebel hakukubali. "Haya, basi Verna awe kaimu. Na kaimu hawezi kujibu swali la mwisho."

Verna akasimama. Sauti ilimtoka safi.

"Bwana Kriebel, ubishi huo ni wa mwaka 1841. Rais Harrison alifariki baada ya mwezi mmoja tu, makamu wake Tyler akashika nchi. Watu wakasema huyo ni kaimu tu. Barua zilizomjia kwa jina la Kaimu Rais alizirudisha bila kuzifungua."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukiniita kaimu, sikusikii."

Hata meza ya wakulima ilipiga makofi. Mchungaji akamwashiria apite mbele.

"William King," Verna akasema. "Mwaka 1853, nchini Cuba. Alikuwa mgonjwa wa kifua, amekwenda kutafuta hewa ya joto."

"Sahihi!"

Zawadi ilikuwa pai ya krimu, pana kama usukani. Arlette akanyoosha mikono kuipokea, kwa mazoea tu, akakuta Verna ameshaikumbatia.

"Nahodha mpya ana haraka," Arlette akasema.

"Mgonjwa hashiki chakula cha watu," Verna akajibu.

Waliondoka kwa gari la Arlette, pai ikiwa mapajani mwa Verna. Walipita kituo cha mafuta, macho ya Arlette yakiwa barabarani. Verna alidhani dada yake amenuna, akaanza kutafuta neno la kumpoza.

"Huyo King," Arlette akasema ghafla, "alipona?"

"Hakupona. Alirudi kwao Alabama, na kesho yake akafariki. Kazi yenyewe hakuifanya hata siku moja."

"Masikini. Na aliyemfuata?"

Verna akamtazama kuona kama anataniwa. Arlette alikuwa ameegemea usukani, anasubiri. Basi Verna akamweleza habari za Breckinridge, kisha za Hamlin kwa kirefu, na walipomfikia Johnson walikuwa wameshapita njia ya kwao maili tatu, na hakuna aliyesema wageuze.