Mke Mwenza Aliyefunikwa na Theluji

Tufani ilikatika siku ya tatu asubuhi. Nilisukuma mlango kando nikakuta mlango mwingine wa theluji, una mpaka alama za mbao. Nilichimba njia kwa beleshi hadi barabarani, na hapo mgongo ukawa umeshaanza kulalamika. Nina miaka sitini na mbili. Siku mbili zilizotangulia nilikuwa nikishusha theluji ya paani peke yangu, kwa sababu Kanjiro, mume wangu, aliamua kufa mwezi wa Kumi, kabla kazi haijaanza. Ndivyo alivyokuwa: penye beleshi humwoni.

Nyumbani nilikuwa nimemaliza. Ilibaki boti.

Nilipofika bandarini sikusimama kutazama uzuri, ingawa ulikuwepo. Bahari ilikuwa imetulia, nyeusi, ikitoa mvuke kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Boti zote zilikuwa zimevimba kwa weupe. Kila moja ilikuwa na mtu wake juu, akikata theluji na kuitupa majini, na hakuna aliyesema kitu, maana kusema nako kunataka nguvu.

Eisho Maru, boti ya Kanjiro, haikuwa na mtu juu. Ilikuwa imelalia ubavu wa kushoto, na tezi yake, sehemu ya nyuma, imeshuka hadi vile vitundu vya kutolea maji vimeanza kuyaingiza. Kufika adhuhuri ingekuwa chini. Mwezi wa Nne mtu wa kijiji cha pili anakuja kuichukua, naye ni mvuvi kweli. Nilitaka jambo moja tu: boti itoke bandarini kwa injini yake, isiopolewe na kreni kama ng'ombe aliyetumbukia kisimani.

Shemeji yangu Shohachi alikuwa ameshafika. Ana miaka sabini na minne, goti moja bovu na pumzi nusu. Alikuwa ameegemea beleshi lake gatini, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Nilimwuliza ametoa kiasi gani. Alinionyesha kwa kidevu: shimo la kutosha kuzikia paka.

"Napumzika kidogo tu," alisema.

"Pumzika, shemeji. Boti nayo inapumzika. Mtaamkia pamoja huko chini."

Hakucheka. Nilitazama boti za jirani. Kila mtu alikuwa akipigania yake, na siwezi kumlaumu mtu kwa kutoacha yake izame ili aokoe ya marehemu. Basi nilirusha beleshi langu ndani ya Eisho Maru, nikashika ukingo.

Shohachi alinishika mkono wa koti.

Bandarini kwetu kila boti ina mwenyewe, mzimu unaoilinda, naye ni mwanamke. Hukaa kwenye kitundu kilichozibwa chini ya mlingoti, na ana wivu. Mwanamke mwingine akipanda peke yake, mwenyewe hununa, na akinuna ngisi hawaji, au upepo ndio unaokuja. Kwa hiyo miaka thelathini na minane nilipokea masanduku ya ngisi ukingoni, nikayaosha, nikayapanga, na sikukanyaga ndani hata mara moja. Kanjiro alilala kwake zaidi ya alivyolala kwangu. Niliishi na huyo mke mwenza vizuri tu. Hatukugombana kwa kuwa hatukuwahi kukutana.

Shohachi alinikumbusha hayo yote, polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Alisema atapanda mwenyewe, nimpe dakika kumi tu. Alisema tangu enzi za baba yake hakuna mwanamke aliyefanya hivyo, na kwamba huyo mvuvi wa kijiji cha pili akisikia, haichukui. Alikuwa na haki, na midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Shemeji, boti hii ilipojengwa, fundi aliweka nini mle chini ya mlingoti?"

Alijua. Alikuwepo. Aliangalia pembeni.

"Sema."

"Wanasesere wawili wa karatasi. Dadu. Na nywele."

"Nywele za nani?"

Theluji ilianguka kutoka kwenye waya fulani, ikafanya puu.

"Zako," alisema.

"Basi mimi nimo humo tangu nina miaka ishirini na nne. Nakwenda kuchukua zamu yangu tu. Niachie koti."

Aliliachia.

Theluji ya juu ni nyepesi, ya chini ni kama saruji. Nilianzia upande ulioinama, maana Kanjiro alinieleza mezani mara mia kwamba ukianza upande wa juu boti inakupindukia. Sikuwahi kumsikiliza kwa makusudi, ila maneno ya miaka mingi huingia hata ukiwa unaosha vyombo. Nilikata, nikanyanyua, nikatupa. Nilizibua vitundu kwa mpini. Baada ya saa moja sikuhisi vidole. Baada ya saa mbili sikuhisi hata hasira, nayo ndiyo iliyokuwa ikinisaidia. Shohachi aliketi gatini juu ya sanduku, akinielekeza kwa sauti ndogo: sasa kulia, sasa tezi, usimalize upande mmoja. Alisahau kwamba hakutaka nipande.

Kisha nilihisi boti ikinyanyuka chini ya miguu yangu, taratibu, kama mtu mzito anayegeuka kitandani. Maji yalianza kutoka pale yalipokuwa yakiingilia.

Niliketi palepale, juu ya mbao zenye maji, nikaegemea mlingoti.

Mnara wa taa niliuona mbele yangu. Kutoka kwenye banda letu la samaki hauonekani, na kutoka kilimani uko pembeni tu, kama mgeni asiyealikwa. Hapa ulikuwa katikati kabisa ya mlango wa bandari, unanitazama. Ubavu wake wa baharini ulikuwa umepakwa theluji yote, na ubavu wa huku mistari yake myekundu imebaki safi, kana kwamba mtu alianza kuupaka rangi akachoka. Taa yake iliwaka mchana huo, dhaifu, ikazunguka, ikawaka tena, na mvuke wa bahari ukageuka waridi kidogo kila ilipopita. Kanjiro alikuwa akiyaona haya kila asubuhi akirudi, na mezani hakuwahi kuyasema. Aliniambia habari za upande wa kuanza kutoa theluji.

Nililia kidogo. Machozi yaliganda, yakanisumbua, nikaacha.

Shohachi alikuwa amesimama gatini. Boti ilikuwa imepanda karibu kimo cha goti, na kamba za omo, za mbele, zilikuwa zimekaza zikikwaruza ukingo. Alizitazama, akanitazama. Alipoteza muda akirekebisha kofia.

"Nilegeze ipi kwanza?" aliuliza.

Aliuliza kama mtu anavyomwuliza nahodha. Sikujua jibu.

"Ya kushoto," nilisema, naye akainama akailegeza.