Hasira Mbele ya Sufuria ya Tamali

Kila mpishi wa Milpa Alta, huko Meksiko, anajua: ukikasirika karibu na sufuria ya tamali, vile vibumba vya unga wa mahindi vinavyopikwa kwa mvuke, haziivi. Ndiyo maana asubuhi ile ya Candelaria, sikukuu ya kanisa ya kula tamali, Bi Porfiria alipoingia jiko la sikukuu akakuta bango ukutani, wenzake walishika vichwa.

Bango lilikuwa la Celerino, msimamizi wa sikukuu, la kusomewa watoto wa shule mchana. Lilisema mapadri wa Uhispania ndio walioleta tamali na kuzipa jina.

"Mapadri!" Bi Porfiria alifoka. "Tamalli ni Kinahuatl, neno la bibi zetu. Maana yake kilichofungwa! Hao mapadri walizikuta zimeshafungwa kwenye maganda ya mahindi, wakala, wakalamba na vidole!"

Mama yake, Epigmenia, alichapwa shuleni kwa kulitamka neno hilo, mpaka akaogopa kuwafundisha wanawe lugha yake. Porfiria alirithi maneno machache tu, na sasa mpumbavu huyu anamnyang'anya hata hayo.

"Shoga, cheza kidogo hasira ikutoke," Otilia, mpishi mwenzake, alimsihi. Ndiyo dawa yake, mwenye hasira hucheza ngoma mbele ya sufuria.

"Sichezi ng'o."

"Zitabaki mbichi! Watu mia tatu wanakuja!"

"Basi na wale bango."

Akavuta kigoda mbele ya moto, akakaa, akamkataza yeyote kusogea.

Baada ya muda wa saa tatu Otilia alifungua tamali moja. Unga mbichi, unanata vidoleni. Celerino akaitwa, akaja mbio.

"Nisamehe, Mama. Maneno hayo niliyatoa kwenye kijitabu."

"Na mama yako mzazi hana mdomo? Ulishindwa kumuuliza?"

Celerino akalichana bango, kisha akaanza kucheza mbele ya sufuria, kitambi kinatikisika. Wanawake wakaangua kicheko. Bi Porfiria hakucheka.

"Hebu acha upuuzi. Watoto wakija, waambie jina limetoka wapi na nani alichapwa kwa ajili yake. Umtaje mama yangu kwa jina: Epigmenia."

Mchana Celerino alimtaja, mara mbili. Na tamali zikatoka zimeiva, laini.

"Umeona?" Otilia alishangilia. "Hasira imekutoka!"

"Haijatoka hata chembe. Mama alikufa nayo hii hii, na tamali zake ziliiva kila siku." Bi Porfiria akafuta mikono kwenye aproni. "Asubuhi sikutia kuni."