Mlango wa Hasi Kumi

Kitu cha kwanza alichokiona mfagiaji ni chaki. Alikuwa akifagia darasa la tano asubuhi, kabla ya kengele, kipande cha chaki kikaanguka kutoka mezani kwa mwalimu, kikabingirika kuelekea dirishani na kutumbukia. Alipokifuata kwa ufagio, akakuta upande ule sakafu imeshuka kama ngazi.

Hakuhangaika. Sababu aliijua: mstari wa namba. Mwalimu wa hesabu, ambaye wanafunzi walimwita Bwana Toa akiwa mbali, alikuwa ameuchora sakafuni kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka magoli. Sifuri iliangukia mlangoni, hasi zikaenda dirishani, chanya zikaenda kwenye ukuta wa ramani. Kila mtoto alianzia sifuri na dawati lake. Ukipata, unasogea hatua moja kwenye chanya. Ukikosa, hatua moja kwenye hasi. Somo lilieleweka vizuri sana. Tatizo ni kwamba kengele ilipolia, Bwana Toa alisahau kuwarudisha watoto sifuri, na rangi ya magoli haifutiki. Kesho yake wakaendelea pale pale walipoishia.

Muhula haujaisha, sakafu nayo ikafuata namba. Waliokuwa kwenye chanya walipanda, waliokuwa kwenye hasi walishuka. Binti wa mwalimu mkuu, aliyeitwa Kipaza kwa sababu ya sauti yake, alifika chanya tisa akawa anasoma ameinamisha shingo chini ya bati. Alilalamikia joto. Mdogo wake mfagiaji alifika hasi tisa. Aliponyoosha mkono, ukiwa mlangoni uliona vidole tu.

"Mama, mdogo wangu anazama," mfagiaji alisema jioni, akimenya vitunguu.

"Anazama wapi?"

"Kwenye hesabu."

"Hata baba yenu alizama, na chakula anakimaliza vizuri tu. Kuna baridi huko chini?"

"Ipo kidogo."

"Basi abebe sweta."

Mama hakujua kwamba mstari uliishia kumi. Kwenye hasi kumi kulikuwa na mlango mdogo, na mlango huo ulitokea kwenye stoo ya fagio, nyuma ya vyoo. Mfagiaji aliujua vizuri. Zamani mstari ulikuwa wa chaki, lakini mlango ulikuwa huo huo, na yeye aliupita akiwa darasa la tano. Hakuna aliyemfukuza. Alitokea stoo, akaukuta ufagio, akaushika. Sketi ya shule aliivaa mpaka ikambana.

Tena alikuwa amezoea kufagia veranda wakati wa kipindi cha hesabu, kwa hiyo aliyasikia maswali yaliyowafikisha wote wawili kwenye tisa.

"Kipaza, tatu ongeza moja?"

"NNE!" Vumbi likadondoka kutoka kwenye mbao za paa.

"Safi sana, binti. Panda. Haya, wewe wa huko chini. Hasi saba toa hasi tisa?"

"Chanya mbili," mdogo wake alijibu, kwa sauti ya kwao, ambayo hutoka na kurudi ndani kabla haijamfikia mtu.

"Sijasikia. Asiyesikika hajajibu. Toa moja."

Siku ya mkaguzi, mfagiaji alifagia darasa kwa zamu mbili, ya juu na ya chini. Mkaguzi alikuja na pimamaji, ile ya mafundi ujenzi, akailaza juu ya sifuri, akapiga magoti na kufumba jicho moja. Povu lilikaa katikati.

"Sakafu imenyooka," alisema.

"Tunajitahidi, mzee," alisema mwalimu mkuu. "Kila anayepanda ana mwenzake anayeshuka. Ukijumlisha darasa zima, unapata sifuri kamili."

"Wilaya nzima sijaona kitu kama hiki. Hebu mwalimu, fundisha nione."

Bwana Toa akakohoa, akaangalia chini. "Wewe. Hasi nne toa hasi kumi?"

"Chanya sita," mdogo wake mfagiaji alisema.

Mtoto wa hasi nane alimsikia, akaangalia viatu vyake. Mfagiaji, aliyekuwa dirishani, alimsikia.

"Sijasikia."

Mfagiaji akafungua mdomo. "Amejibu," alisema, lakini neno likanasa kwenye vumbi la ufagio.

"Nani anapiga chafya?" mkaguzi aliuliza.

"Ni wa usafi tu," alisema mwalimu mkuu.

"Toa moja," alisema Bwana Toa.

Dawati likashuka hasi kumi. Ili hesabu isiharibike, la Kipaza likapanda chanya kumi, na kichwa chake kikatoboa bati. Mkaguzi akamuuliza hali ya hewa ikoje. Kipaza akajibu kwamba kuna mawingu. Mkaguzi akaangalia tena pimamaji, akaridhika, akasema shule nyingine zije hapa kujifunza.

Mfagiaji alizunguka nyuma ya vyoo. Mlango mdogo ulikuwa umeshafunguka, na mdogo wake alikuwa amesimama katikati ya fagio, na begi mgongoni na sweta mkononi.

"Kumbe ni hapa, dada."

"Ni hapa."

Mdogo mtu akachagua ufagio mfupi, akaupima kwa kiganja, akaurudisha, akachukua mwingine. "Nilijibu, dada."

"Nilikusikia."

"Mbona hukusema?"

Darasani walikuwa wakimpigia mkaguzi makofi. Mfagiaji alimvua mdogo wake begi, akalitundika kwenye msumari, ambao tayari ulikuwa na begi jingine, dogo, lililopauka. Makofi yakaisha. Ndipo akasema, kwa sauti aliyokuwa hajui aliiweka wapi miaka yote, hadi Kipaza akageuka juu ya bati kutazama chini:

"Na mimi nilijibu."