Njia Aliyoiomba Beatha

Beatha alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa jembe. Wiki nzima sasa, kila asubuhi alimsindikiza bintiye Agatha shule, akarudi mbio kuwahi shamba la tangawizi, na mchana akashuka tena kumchukua. Mtoto wa darasa la nne, jamani, mwenye miguu yake, anasindikizwa kama bibi harusi!

Na wa kumlaumu hakuwapo ila yeye mwenyewe. Zamani njia ya shule ilikuwa kichochoro kati ya migomba. Watoto walijipitia na vicheko vyao, wengine na baiskeli, ila mvua ikinyesha walifika sare zimejaa tope. Beatha ndiye aliyesimama nje ya kanisa baada ya ibada, akaomba msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji. Nao Wapare ukishawaita kwenye msaragambo, huwaambii wachimbe kidogo. Kitongoji kizima kilikuja na majembe, wakaipanua njia mpaka lori la Fuso likaweza kupita. Likapita kweli, yakafuata mengine, na bodaboda nyuma yake, yote yakifuata tangawizi milangoni. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Wiki iliyopita Fuso lilimbana Agatha konani. Mtoto alirukia mferejini, baiskeli ikabaki chini ya tairi. Siku hiyohiyo mumewe Beatha, Sadock, alikata shauri: muhula ukiisha, mtoto aende Same mjini kwa shangazi yake, akasome huko. Beatha alilia. Mtoto wake ni huyo huyo mmoja.

Akapita kwa majirani kuomba msaragambo mwingine, wa kuibana njia magari yasiingie. Walimpa pole na chai. Kuhusu njia, walimuuliza kama ni yeye atakayewabebea viroba vya tangawizi hadi barabara kuu. Aliwaelewa wote, na hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Jumamosi alichukua jembe, akapanda masale mdomoni mwa njia, akabakiza upenyo wa mtoto na baiskeli yake tu. Masale ni mmea wa mpaka, na Mpare akiukuta umesimama haung'oi, hata awe na hasira vipi. Na hasira zilikuwapo. Anold, jirani wa juu, alisema mwanamke huyu ana kichwa kigumu kuliko jiwe. Lakini hakung'oa.

Jumatatu asubuhi Fuso lilisimama nje ya masale, likapiga honi. Lilikuwa limefuata tangawizi ya Sadock. Sadock akatoka, akalitazama gari kule chini, akavitazama viroba uani.

"Haya, mama Agatha. Na hii yetu ataishusha nani?"

Beatha alisokota kanga ngata, akaiweka kichwani, akachuchumaa kando ya kiroba.

"Nitwishe," alisema.

Sadock alisita, kisha akamtwisha. Shingo ilimuuma Beatha kwenye mteremko. Alipokaribia masale alisikia vishindo vya watoto nyuma yake. Agatha alikuwa mbele ya wenzake, anakimbia, hana wa kumshika mkono.

"Mama, nipishe, nimechelewa."

Beatha akasogea pembeni na mzigo wake, akampisha.